Nichague gari gani la mbio, na klabu ipi, ilhali mume wangu bado hajui?

Kwako Mjomba,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Malindi, mke wa mtu, na pamoja na kakangu mkubwa tunaendesha duka la vipuri vya magari tuliloachiwa na marehemu baba yetu. Sina shida ya njaa wala ugomvi wa nyumbani, na ndiyo maana nilisita sana kukuandikia, nikiona haya kuchukua nafasi ya watu wenye mizigo mizito kuliko wangu. Lakini jambo hili linaninyima usingizi, na kila ninayeweza kumwomba shauri hapa mjini ama atanicheka, ama atalifikisha kwa mama mkwe wangu kabla ya adhana ya adhuhuri.

Nataka kununua gari dogo la mbio na kuliendesha mwenyewe.

Baba alikuwa mtu wa Safari Rally, yale mashindano makubwa ya rali ya hapa Kenya. Alitulea kwa habari za Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano akiwa katika Datsun, mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hata hivyo, gari alilolipenda kuliko yote halikuwa la mshindi. Lilikuwa Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 658, ambacho Patrick Njiru alikifikisha mwisho wa Safari ya mwaka 1993 na kushinda daraja lake huku magari makubwa kadhaa yakiwa yameachwa njiani. Picha ya kigari hicho ingali ukutani dukani kwetu. Mwaka 2022, Maxine Wahome aliposhinda WRC3, daraja la tatu la rali ya dunia, katika Safari ya Naivasha, nilikuwa nyuma ya kaunta nikiitazama simu na kulia, hata mteja aliyekuja kununua plagi akanipa pole akidhani nimefiwa.

Akiba yangu, niliyoiweka kidogo kidogo kwa njia ya chama, haifiki laki saba. Mbele yangu kuna magari matatu. La kwanza ni Toyota Starlet ya aina ya EP82, injini ya cc 1331 isiyo na turbo, mali ya mteja wetu mmoja. Viti vya nyuma vimeshang'olewa, na fundi mmoja wa hapa mjini ameichomelea ndani kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva gari likipinduka. Bei yake ni nzuri, lakini mwenyewe anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. La pili ni bugi lililoko Mtwapa, kigari chepesi cha mabomba kisicho na bodi, lenye injini ya pikipiki ya cc 600. Nililikalia mara moja tu na moyo ukanienda mbio. La tatu si langu peke yangu: kakangu anataka tuchange nusu kwa nusu tununue Subaru Impreza kuukuu yenye turbo, jina la duka liandikwe milangoni, yeye aendeshe na mimi niwe navigeta wa kumsomea njia, na anasema zamu yangu ya usukani itafika.

Kuhusu klabu, hapa Malindi kuna kundi la vijana wanaokutana Jumapili baada ya alasiri kwenye uwanda ulio ng'ambo ya mto Sabaki. Wengi ni wateja wetu, wananiita dada, wananiheshimu, na hawatozi ada yoyote ila kila mtu hujinunulia petroli. Ni kweli kwamba usiku mwingine wamewahi kushindana barabarani, ingawa mimi sikuwepo. Klabu ya pili iko Mombasa, kiasi cha kilomita 120 kutoka kwangu, nayo iko chini ya shirikisho la taifa, ina leseni, ada na kanuni nyingi. Nilikwenda kutazama mashindano yao nikajiona mgeni kabisa. Watu wanajuana tangu enzi za wazazi wao, wanawake walikuwa wachache, na aliyenisemesha ni mzee mmoja tu aliyenipisha kwenye kivuli.

Mume wangu anafanya kazi bandarini Lamu na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Ni mtu mpole. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari tulipokuwa wachumba, kwa pikapu yake, kwenye njia ya Gongoni. Hajui lolote kuhusu mpango huu, na anaamini kwamba akiba ile ni ya kiwanja cha Ganda tulichokuwa tumekizungumzia. Najua atakataa. Mama yake naye hatastahimili kuona mkaza mwana wake amevaa suti ya mbio na helmeti, tena wakati sisi bado tunamwomba Mwenyezi Mungu mtoto.

Nakuomba uniambie, Mjomba: ninunue gari lipi, nijiunge na klabu ipi, na je, nimwambie mume wangu kabla au baada ya kununua?

Ni mimi mpwa wako,
Mwenye Kiu ya Vumbi, Malindi.

MJOMBA ANAJIBU

Mpwa wangu, wa alaykum salaam. Ondoa haya. Shida haipimwi kwa njaa peke yake, na mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya jambo analolipenda anastahili kusikilizwa sawa na yule anayeukosa kwa sababu ya deni.

Umeniuliza kuhusu magari matatu, klabu mbili na mume mmoja, na umeyapanga kwa utaratibu huo: gari kwanza, klabu pili, mume mwisho. Nimeisoma barua yako mara kadhaa na kila mara nimejiuliza kama utaratibu huo ndio uliomo moyoni mwako, au ni kwamba swali la gari ndilo jepesi kuliandika. Niruhusu nianze na hilo hilo la gari, kwa kuwa wewe ni mtu wa vipuri na tutaelewana haraka, kisha tutafika kwingine.

Umeyalinganisha magari hayo matatu kana kwamba yamesimama kwenye mstari mmoja, lakini hayawezi kushindana pamoja hata kidogo. Katika mchezo huu gari haliwi zuri wala baya mpaka ujue litakimbia wapi na litawekwa daraja gani. Mbio za autokrosi hufanyika kwenye mzunguko mfupi wa udongo, kila gari likipimwa muda wake, na madaraja hugawanywa kwa kutazama kama gari linavutwa na magurudumu mawili au manne, na kama lina turbo au halina. Mbio za rali ni jambo jingine: zina hatua ndefu za kasi, na kati ya hatua moja na nyingine gari hupita barabara ya umma pamoja na matatu na malori, kwa hiyo lazima liwe limesajiliwa na linafaa kuwa barabarani. Bugi lako la Mtwapa, kwa mfano, litafurahi sana kwenye mzunguko wa udongo na halitakuwa na la kufanya kwenye njia ya kwenda Kilifi. Je, wewe unapenda mbio gani? Katika barua yako yote hukusema, na wala sikulaumu, kwa sababu baba yako alikulea na rali ilhali magari mawili kati ya hayo unayoyataka yanaelekea zaidi kwenye autokrosi.

Tena kuna hesabu ambayo nadhani baba yako angependa niikutajie. Kwa kanuni za kimataifa, ujazo wa injini yenye turbo au kifaa kingine cha kuisukumia hewa huzidishwa kwa 1.7 kabla ya gari kupangiwa daraja. Injini ya Vivio ya cc 658 ilikuwa ya namna hiyo. Ukiizidisha unapata takriban 1119, nayo ikaingia katika daraja la injini zisizozidi 1300, miongoni mwa vigari wenzake. Ndiyo maana Njiru aliweza kutoka pale na ushindi halali bila ya kulazimika kuyashinda magari makubwa. Sasa ichukue Impreza ya kakako. Injini yake ni ya cc 1994, na ikizidishwa inakaribia 3390, kwa hiyo siku ya kwanza tu mtajikuta na watu wenye magari ya turbo ya magurudumu manne, mafundi wao na matrela yao. Halitakuwa kosa kuingia huko, lakini ni vyema ujue kwamba katika hayo matatu gari linaloshabihiana na picha ya ukutani si lile lenye nembo ya Subaru.

Tuitazame Starlet. Uzuri wake unaujua kuliko mimi: vipuri vyake umevizoea, fundi yeyote mjini anaifungua akiwa amefumba macho, na ukivunja ekseli Jumapili utapata nyingine Jumatatu, pengine kwenye rafu yako mwenyewe. Inavutwa na magurudumu ya mbele, na magurudumu hayo hayo ndiyo yanayokata kona, kwa hiyo matairi ya mbele yatakwisha upesi na utalazimika kujifunza kuuhamishia uzito wa gari mbele kwa breki kabla ya kona badala ya kutegemea nguvu. Watu wengi walioanza na gari dhaifu la aina hiyo huwa madereva wazuri, kwa kuwa gari lenyewe halina nguvu za kuwafichia makosa.

Linalonitia wasiwasi ni kizimba. Umesema ni cha mabomba na umesema bei ni nzuri, kisha ukaendelea na habari nyingine. Mimi nimesimama hapo. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, nguzo kuu ya kizimba hutengenezwa kwa bomba la chuma lisilo na mshono, la kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2, na kila mguu wa kizimba hukaa juu ya kibao cha chuma chenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba. Bomba la kawaida la maji huwa na mshono, na mshono huo unaweza kufunguka gari linapopinduka. Hata kama bomba ni lenyewe, uliza limechomelewa juu ya nini. Sisi watu wa pwani tunajua hewa ya chumvi inavyokula gari kuanzia chini: sakafu, vizingiti vya milango na mahali springi zinapokaa. Kizimba imara kilichofungwa kwenye sakafu iliyooza kitapasua sakafu hiyo na kumwingilia dereva. Kabla ya kutoa hata shilingi, zulia lingeondolewa, gari likainuliwa, na mtu asiye na urafiki na muuzaji akagonga kila mahali kwa bisibisi. Ukikuta kizimba hakifai, bei nzuri inabadilika, kwa sababu kukiondoa na kukijenga upya ni kazi kubwa kuliko kukijenga kwenye gari ambalo halijaguswa. Pengine Starlet nyingine ya kawaida, yenye viti vyake na bodi safi, itakugharimu kidogo zaidi leo na kukuokolea mengi kesho. Au pengine hii hii ikawa sawa. Sijaiona.

Bugi nalo lilikufanya moyo uende mbio, na sipuuzi jambo hilo, maana mchezo huu una gharama na taabu nyingi na mtu asiyependa gari lake hudumu msimu mmoja. Ni jepesi, limejengwa kwa mabomba tangu mwanzo, halina bodi ya kuoza. Lakini injini ya pikipiki hufanya kazi ikizunguka kwa kasi kubwa, haipendi mchanga wa Malindi kuingia kwenye chujio la hewa, na mnyororo wake hulika haraka kwenye vumbi. Vipuri vyake havipo dukani kwako. Na haliwezi kwenda lenyewe kwenye mashindano, kwa hiyo bei yake halisi ni bugi pamoja na trela pamoja na gari la kuivuta trela hiyo.

Hapa nakuomba uikate ile akiba yako vipande kwenye karatasi. Mbali na gari, utahitaji helmeti, suti isiyoshika moto haraka, kiti, mikanda, kizimamoto, leseni, ada ya klabu, ada ya kila shindano, matairi na safari. Vifaa vya usalama vina umri pia: kiti cha kiwango cha FIA 8855-1999, kwa mfano, huhesabiwa miaka 5 tangu kutengenezwa, na mikanda huwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye lebo, kwa hiyo ukiuziwa gari "lenye kila kitu" soma lebo hizo kabla ya kushukuru. Waendeshaji wengi wapya hununua gari kwa fedha zao zote, kisha likakaa gerejini likisubiri fedha za kuliendesha.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja. Bamburi kuna uwanja wa kukodi vigari vya karti, na Bamburi unapita kila uendapo Mombasa. Karti haina springi, na ekseli yake ya nyuma ni moja isiyogawanya mwendo, magurudumu yote mawili yakizunguka sawasawa, hivyo haikati kona mpaka gurudumu la ndani linyanyuke kidogo, na dereva hulinyanyua kwa usukani na kwa breki iliyopigwa wakati wake. Haitakufundisha kuteleza kwenye udongo. Lakini itakuambia kwa gharama ndogo kama unapenda kuendesha kwa kushindana, au unapenda magari, au unampenda baba yako. Yote matatu ni mapenzi ya kweli, ila si yote yanayohitaji laki saba.

Nije kwenye klabu. Umelieleza kundi la ng'ambo ya Sabaki kwa maneno ya upendo: wateja wetu, wananiita dada, wananiheshimu. Klabu ya Mombasa umeieleza kwa kanuni zake na kwa upweke ulioupata. Naelewa kwa nini moyo unaelemea upande mmoja. Lakini jiulize kuhusu mambo machache yasiyo na uhusiano na ukarimu. Siku gari litakapopinduka kwenye uwanda ule, nani atakuwa na kizimamoto mkononi, nani amefundishwa kumtoa mtu ndani ya gari bila kumvunja shingo, na itachukua muda gani kumvusha mto hadi hospitali? Ikiwa watazamaji wamesimama ukingoni mwa kona, kama vijana wanavyopenda kusimama, nani mwenye mamlaka ya kuwaondoa? Bima za kawaida za magari huandika wazi kwamba hazilipi hasara iliyotokea katika mashindano. Na yale ya usiku barabarani ni kosa kwa sheria ya nchi. Hata kama hukuwepo, siku yatakapomuua mwendesha bodaboda, polisi hawatauliza nani huja Jumapili tu.

Klabu iliyo chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, ambalo nalo liko chini ya FIA, ina kanuni nyingi kwa sababu maswali hayo yote yameshaulizwa, na baadhi yalijibiwa kwa maisha ya watu. Gari hukaguliwa kabla ya kukimbia, daktari na gari la wagonjwa huwepo, na anayesimamia ana uwezo wa kusimamisha shughuli nzima. Sasa, kuhusu ugeni: ulikwenda kama mtazamaji, na mtazamaji hukaa kivulini. Klabu za namna hii daima hukosa watu wa kusimama kwenye kona na bendera, watu wa kuandika muda, watu wa kusaidia ukaguzi. Mtu anayejitolea kwa kazi hizo hujulikana jina lake mapema kuliko anayefika na gari jipya, na huyaona makosa ya madereva kwa karibu bila kuyalipia. Nashangaa hukumfuata yule mzee aliyekupisha. Katika mkusanyiko wa namna ile, mzee anayemtambua mgeni mara nyingi ndiye anayemjua kila mtu. Hatari ya njia hii ni kwamba ni ndefu, kilomita 120 kwenda na nyingine kurudi, na Jumapili ambazo mume wako yuko nyumbani ni mbili tu kwa mwezi.

Wala si lazima uwaache wale vijana. Umewahi kuwauliza kama wangependa kuwa chama kilichosajiliwa na kutafuta uhusiano na klabu ya Mombasa, wapate angalau mtu wa kuja kuwaonyesha namna ya kupanga uwanja salama? Wewe wanakusikiliza, na duka lako wanalihitaji. Lakini nakuonya kwamba ukiianza kazi hiyo unaweza kujikuta katibu wa chama badala ya dereva, ukishughulikia vibali na ugomvi wa vijana, na kiu yako ya vumbi ikabaki pale pale.

Sasa mume. Umeandika maneno mawili tu, "Najua atakataa", kisha ukaendelea. Umejuaje? Mtu uliyemweleza ni mpole, na ndiye aliyekuweka nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza. Sisemi kwamba atakubali. Nasema kwamba ushahidi ulionipa kwa mkono wako unaelekea upande mwingine, na kwamba huenda unachokiogopa si katazo lake bali ni uso wake atakapogundua kwamba fedha za kiwanja cha Ganda zimekuwa magurudumu. Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza linahusu mwanamke kuendesha gari la mbio. La pili linahusu watu wawili waliokubaliana jambo na mmoja akalibadilisha peke yake. Fedha ni zako, umezitafuta kwa jasho lako, na dini yenu nyote wawili inaitambua mali ya mke kuwa mali yake. Lakini mlikwisha kukizungumzia kiwanja hicho, na yeye huenda Lamu akijua kwamba kipo mbele yenu.

Ukimwambia baada ya kununua, utakuwa umekwepa katazo, ila gari litakuwa limeingia nyumbani pamoja na siri, na katika mji kama wetu siri ya gari la mbio haifiki wiki. Atakayemwambia huenda akawa mama yake, kwa simu, naye yuko kazini Lamu asiweze kukutazama usoni. Ukimwambia kabla, unahatarisha kupata "hapana" iliyo wazi, na "hapana" ya mtu mpole huwa ngumu kuivuka kuliko ya mkali. Kati ya hizo mbili kuna kumwambia sehemu: kumwalika Bamburi siku moja mkodi karti wote wawili, usikike ukicheka ndani ya helmeti, kisha mazungumzo yafuate. Njia hiyo nayo ina hatari yake, kwani akihisi kwamba alikuwa akilainishwa polepole atakumbuka kicheko kile kwa uchungu. Wewe unaijua tabia yake, mimi siijui.

Liko jambo jingine ambalo umelitaja kwa nusu sentensi, mwishoni kabisa, nyuma ya mama mkwe. Mnamwomba Mungu mtoto. Sitaingia palipo pa mke na mume na Mola wao, ila kwa upande wa gari nitasema hivi. Mungu akijaalia katikati ya msimu, mikanda ya mbio inayobana nyonga na tumbo si mahali pa mja mzito, kwa hiyo gari litasimama mwaka, pengine miwili. Starlet iliyosimama miaka miwili katika hewa ya Malindi si ile uliyoinunua. Kwa upande mwingine, wapo wanawake wengi walioahirisha kila wanachokipenda wakisubiri mtoto, na miaka ikapita mikono mitupu pande zote mbili. Hili nalo ni la kuzungumza na yule mmoja anayesubiri pamoja nawe, na nadhani kwa hilo angependa kuulizwa kuliko kuarifiwa.

Mama mkwe nimemwacha makusudi. Mume akiwa pamoja nawe, hilo la helmeti atalibeba yeye kwa mama yake. Asipokuwa pamoja nawe, hakuna vazi litakalomridhisha.

Limebaki la kakako, na hapa nina neno la kibiashara zaidi kuliko la moyo. Unavigeta ni kazi yenye heshima, na dereva wa rali asiye na mtu wa kumsomea njia ni kipofu. Lakini wewe ulisema unataka kuendesha mwenyewe, na yeye anakuahidi zamu isiyo na tarehe. Kama mtaamua kushirikiana, muulize zamu hiyo ni shindano lipi, na mwandike mapema nani atalipa injini ikivunjika akiwa yeye kwenye usukani, jina la nani litakuwa kwenye hati ya gari, na kama fedha zitatoka mifukoni mwenu au kwenye mtaji wa duka. Duka ni la baba yenu, na picha ile ya Vivio imetundikwa kwenye ukuta wa watu wawili.

Na huyo muuzaji anayetaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, mwulize kama yuko tayari gari liinuliwe na kukaguliwa na mkaguzi wa klabu ya Mombasa, kwa gharama yako. Jibu lake kwa swali hilo utalipata siku hiyo hiyo, na mume wako, kama sikukosea hesabu ya wiki zenu, atakuwa amerudi nyumbani angalau mara moja kabla mwezi haujaisha.

Wasalaam,
Mjomba.